MENO YANYOOKE, LAKINI YASIOZE

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuitia katika insha zetu mpaka ikachakaa, lakini ni wachache miongoni mwetu ambao wameiwaza pamoja na vinywa vyao. Kwa maoni yangu, hakuna mahali methali hii inapokaa sawasawa kama mdomoni. Ufa wa nyumba fundi ataukandika kwa saruji. Tundu la jino, likiwahiwa mapema, daktari wa meno ataliziba. Lakini mfupa unaoshika jino ukishaliwa na ugonjwa wa fizi, haurudi tena ukawa kama Mola alivyouumba. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nimemwomba Mhariri wa jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili anigawie kurasa mbili tatu niseme yaliyo moyoni.

Kisa na maana ni jambo geni lililoingia katika shule yetu hii ya kutwa hapa Nakuru. Waya za meno tumezizoea; wapo wenzetu wawili watatu wanaozivaa na hakuna anayewashangaa tena. Muhula uliopita, hata hivyo, dada mmoja wa Kidato cha Pili alikuja na kitu kingine kabisa. Ukimtazama kwa mbali huoni chochote. Ukimkaribia ndipo unapoona meno yake yanameta kana kwamba yamemwagiwa maji. Kumbe amevaa kifuniko chembamba cha plastiki angavu, kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno yake mwenyewe. Vifuniko hivi huitwa alaina. Mtu huvaa alaina moja kwa wiki moja au mbili, kisha huiweka kando na kuvaa nyingine iliyosogezwa kidogo kuliko ile ya kwanza, na meno huifuata polepole hadi yakajipanga. Si uchawi. Kampuni iliyovieneza vifuniko hivi duniani, Align Technology, ilianzishwa Marekani mwaka wa 1997. Kwa hivyo jambo hili limetuzidi umri sote, ingawa kwetu ndiyo kwanza linabisha hodi.

Basi shule nzima ikagawanyika. Wapo wanaomcheka, ati amevaa chupa ya maji mdomoni. Wapo wanaomwonea kijicho na kusema ni maringo ya watu wenye shangazi ng'ambo. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Swali si kama dada huyu anaringa. Swali ni je, shule yetu inampa mahali na wakati wa kuyasafisha meno anayoyanyoosha? Na sisi tusiovaa chochote, tunayasafisha yetu? Msimamo wangu ni huu: usafi wa kinywa uje kwanza, unyoofu wa meno uje baadaye, na ili usafi huo uwezekane, shule itupe maji na dakika kumi baada ya chakula cha mchana. Nitaeleza sababu zangu moja baada ya nyingine.

Kinywani mwa kila mtu, tajiri kwa maskini, mna bakteria wasiohesabika. Wengi wao hawana neno. Wengine lakini wanapenda sukari kupita kiasi. Ukila mandazi au ukinywa chai ya sukari, bakteria hao huila sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi kwa muda wa dakika chache tu. Asidi hiyo hulishambulia gamba la nje la jino, yaani enameli. Enameli ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, kushinda hata mfupa, lakini mbele ya asidi huyeyuka kidogokidogo. Bahati nzuri tumepewa mate. Mate huyaosha meno, huvunja makali ya asidi na kuyarudishia meno madini yaliyopotea. Kwa hivyo kila siku kuna vita kinywani: asidi inabomoa, mate yanajenga. Anayekula peremende asubuhi, chingamu saa nne, soda saa saba na miwa jioni anawapa adui risasi mchana kutwa, na mate hayapati nafasi ya kujenga.

Sasa vifunike meno hayo kwa alaina. Mate hayapiti tena kama yalivyokuwa yakipita. Kama chini ya kile kifuniko kumebaki sukari au makombo ya mandazi, basi yamefungiwa humo pamoja na bakteria. Ni kama kumfungia mwizi dukani usiku kucha, halafu wewe mwenye duka ukaenda zako kulala ukisema umefunga mlango! Matokeo yake huanza na madoa meupe kama chaki kwenye meno. Doa kama hilo ni dalili kwamba enameli imeanza kupoteza madini, na lisipoangaliwa hugeuka tundu. Tena meno mengi yenye alaina huwa yamegundishwa vijiuvimbe vidogo vya rangi ya jino ili kifuniko kipate pa kushikilia, na pembeni mwa vijiuvimbe hivyo chakula hupenda sana kuganda. Itakuwa hasara iliyoje mtu akingoja mwaka mzima meno yanyooke, kisha siku ya kuvua alaina ya mwisho akute yamenyooka kweli lakini yametoboka?

Kwa sababu hiyo masharti yake si ya mzaha. Kila mlo, alaina hutolewa. Kila kinywaji isipokuwa maji, alaina hutolewa. Chai ya moto ni mbaya maradufu, kwani sukari hubaki ndani na joto huweza kuipinda ile plastiki isikae tena vizuri. Kabla ya kuirudisha, mtu hupiga mswaki, na akikosa kabisa, asukutue kwa maji mengi. Kama amekunywa soda au amekula machungwa, ni bora asukutue kwanza na asubiri kama nusu saa ndipo apige mswaki, maana asidi huwa imeilainisha enameli na mswaki utaikwaruza. Alaina yenyewe huoshwa kwa maji baridi au ya uvuguvugu na mswaki laini, wala si kwa maji yanayochemka. Usiku, kabla ya kulala, hupitisha uzi wa meno katikati ya meno na kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi. Usiku huo ndio wakati wa hatari zaidi, kwani mtu akilala mate hupungua.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa Hisabati si ya darasani peke yake. Madaktari hutaka alaina ikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Tuchukue 22. Siku ina saa 24, kwa hivyo zinabaki saa mbili, yaani dakika 120. Kiamshakinywa kichukue dakika 20, chai ya saa nne dakika 15, chakula cha mchana dakika 30, na cha jioni dakika 30. Hizo ni dakika 95. Zimebaki 25 za kusafisha meno mara nne, yaani dakika sita hivi kila mara. Hakuna hata moja ya kutafuna karanga ukingojea matatu stejini. Hesabu hii inawezekana nyumbani, ambako maji yako karibu. Njoo sasa uifanyie shuleni.

Shuleni kwetu kengele ya chakula cha mchana hulia saa saba kasoro dakika ishirini. Tunapanga foleni ya githeri, na foleni yenyewe kila mtu anaijua. Ukishakula, unatafuta maji. Mifereji ni miwili. Mmoja uko kando ya jikoni, na huo ni wa wapishi. Wa pili uko karibu na lango, na kuna amri kwamba mwanafunzi asionekane akizurura langoni. Viranja hawana makosa, wanafuata amri. Lakini ukionekana na mswaki saa saba na nusu mchana, unaulizwa kama ulilala shuleni! Kila mtu anacheka, hata wewe mwenyewe unacheka, na mswaki unarudi mkobani.

Yule dada wa Kidato cha Pili hakuweza kucheka. Siku moja aliitoa alaina yake, akaifunga katika karatasi ya shashi na kuiweka kando ya sahani, kwa kuwa aliona haya kukitoa kile kikasha chake mbele ya watu. Waliokuwa zamu wakapita wakipangusa meza. Karatasi ikazolewa pamoja na makombo ikaenda pipani. Aliinama kwenye pipa la takataka akaitafuta, na watu wakamzunguka wakipiga makofi kama walio kwenye sarakasi. Tangu siku hiyo yeye hali chakula cha mchana. Anakunywa chai alfajiri nyumbani, na hatii kitu kinywani tena ila maji mpaka jioni. Msichana wa miaka kumi na mitano anasoma Fizikia saa tisa mchana kwa njaa, si kwa kukosa chakula, bali kwa kukosa mfereji na kuogopa vicheko vyetu. Hapo, wenzangu, suala hili si la urembo tena.

Sababu yangu ya pili inahusu fizi. Ukoga ni ule utando laini unaouhisi kwa ulimi unapoamka asubuhi. Usipoondolewa huganda ukawa kama jiwe, na hapo mswaki hauna nguvu tena. Ni daktari wa meno pekee atakayeukwangua. Ukoga ukikaa pembeni mwa fizi, fizi huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu. Wapo wenzetu ambao wakiona damu kwenye mswaki huacha kupiga mahali hapo, wakidhani wanajiumiza. Mambo ni kinyume. Aghalabu damu hiyo ni kilio cha fizi kwamba hazijasafishwa. Dawa yake ni kusafisha kwa upole lakini bila kuacha, asubuhi na usiku, na ikiwa baada ya wiki moja au mbili damu bado inatoka, nenda ukaonwe. Katika hatua hii ya kwanza fizi hupona kabisa. Ukipuuza, ugonjwa huteremka hadi mfupani, na yaliyoharibika hapo hayarudi kama mwanzo.

Kwa anayevaa alaina au waya hatari ni kubwa zaidi, na sababu yake ni jinsi jino linavyosogea. Jino halitembei kama mtu anayehama kiti. Likisukumwa, mfupa wa upande mmoja humeng'enywa na mwili ili kulipisha, na wa upande mwingine hujengwa upya nyuma yake. Fizi zikiwa na afya kazi hiyo hwenda salama. Zikiwa na ugonjwa, unasukuma nguzo ambayo msingi wake unaliwa na mchwa. Ndiyo sababu daktari mwema hukagua meno na fizi kwanza, hupiga picha ya eksirei, huziba matundu na kuondoa ukoga, ndipo atie kifaa chochote.

Njia ya mkato basi ni njia ya hasara. Huko Marekani kampuni moja iitwayo SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka wa 2014, iliwauzia watu alaina kwa posta, na wengi wao hawakuonana na daktari ana kwa ana. Desemba 2023 ikafunga milango, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki wameshika tama. Huku kwetu nasikia wengine wakishauriana kufunga meno ya mbele kwa mpira wa kufungia noti ili kuziba mwanya. Jamani, acheni! Mpira huo huteleza ukapanda chini ya ufizi, ukala mfupa kimyakimya, na jino zima likang'oka. Tena mwanya wenyewe una kosa gani? Mababu zetu waliuhesabu kuwa uzuri, na mpaka leo wapo wanaomposa mtu kwa ajili ya mwanya wake.

Fauka ya hayo, sisi wa Nakuru na Bonde la Ufa tunapotezwa njia na rangi. Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanakua hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mtu wa namna hiyo huitwa mchafu bure. Kumbe anaweza kuwa na kinywa safi kuliko mwenye meno meupe kama tui. Alaina haibadilishi rangi hiyo, na kuyasugua kwa mchanga au jivu ni kuyachubua tu. Wala tusidhani kwamba kwa kuwa floridi ya kisimani ilituletea madoa utotoni, basi dawa ya meno yenye floridi haitufai. Katika umri wetu meno tunayoyaonyesha tukicheka yamekwisha kukomaa, na kiasi kile kidogo unachopaka na kutema huyakinga yasioze.

Najua atasimama mtu aseme: "Wee, shule haina madawati ya kutosha, itahangaikia plastiki ya mtoto mmoja?" Hoja hii ina uzito na siidharau. Ni kweli alaina ni ghali, na bei yake inapita mbali pesa tunazolipia chakula cha mchana. Wengi wetu hatutaivaa maishani. Lakini tazama kile anachokihitaji dada yule: maji, mswaki, dakika chache, na heshima. Je, kuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni cha matajiri peke yao? Maji anayoyahitaji yeye ndiyo anayoyahitaji aliyekula githeri na punje ya mahindi ikamkwama kwenye gego. Tofauti ni kwamba yeye akikosa ataumia upesi, na sisi tutaumia polepole. Jino likishaanza kuuma, halimwulizi mtu kama baba yake ana gari. Linamnyima usingizi, linamtoa darasani, na mwishowe linang'olewa. Dawa ya meno na mswaki ni rahisi kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Na anayekosa hata mswaki wa dukani asikate tamaa. Mti wa mswaki humea katika sehemu zetu kame, na vijiti vyake huuzwa mijini hata leo. Kijiti hicho kikitafunwa ncha mpaka kikawa laini huondoa ukoga vizuri, ila hakifiki sana katikati ya meno, kwa hivyo uzi na dawa yenye floridi bado vinafaa.

Kwa heshima na taadhima, basi, namwomba Mwalimu Mkuu na walimu wetu wapendwa mambo matatu. Kwanza, bomba moja refu lenye matundu kadhaa lijengwe nyuma ya bwalo, livute maji ya tangi la mvua, ili watu wengi wanawe na kusukutua kwa wakati mmoja bila kuwasumbua wapishi. Pili, kengele ya kurudi darasani itanguliwe na dakika kumi za usafi, na mwanafunzi akionekana na mswaki asiulizwe kitu. Anayevaa alaina au waya apige mswaki. Sisi wengine walau tusukutue, mradi asubuhi na usiku tupige mswaki nyumbani. Tatu, daktari wa meno kutoka hospitali ya kaunti aalikwe mara moja kwa mwaka aje atukague, kwani kinga ni bora kuliko tiba.

Ninyi wenzangu nawaomba jambo moja tu, nalo halihitaji pesa wala saini ya Mwalimu Mkuu. Mkimwona mtu akifungua kikasha chake mezani, endeleeni kula. Ukiwa zamu na ukaona karatasi imekunjwa kando ya sahani, uliza kabla hujaizoa. Kicheko ni kizuri, na meno yameumbwa ili yaonekane tukicheka, lakini kicheko kinachomshindisha mwenzetu na njaa hakifai kuitwa kicheko.

Nisije nikawachosha, naomba kutia nanga hapa. Aliyekubaliana nami na aje na mswaki Jumatatu. Asiyekubaliana nami, jarida la mwakani lina nafasi, na kalamu haimkatai mtu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu